Kuelekeza Nako ni Huduma

Kwa karibu kila shida inayoweza kuipata familia ya Kitanzania, ipo ofisi iliyowekwa kuishughulikia. Mtoto anayeteswa nyumbani analindwa na Sheria ya Mtoto ya 2009, inayoipa halmashauri wajibu wa kumlinda na inayomtaka kila mwanajamii anayejua mateso hayo atoe taarifa. Mume na mke waliokosana wana baraza la usuluhishi la ndoa, lililotambuliwa tangu Sheria ya Ndoa ya 1971. Mzee wa miaka 60 asiyejiweza anatajwa katika sera kuwa mtu wa kutibiwa bure, kama anavyotajwa mjamzito na mtoto wa chini ya miaka mitano. Asiye na fedha za wakili ana Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017. Ukizipanga sheria na sera hizi mezani utadhani hakuna Mtanzania anayeweza kukosa pa kushika. Lakini wapo wengi wanaokosa, na sababu moja haizungumzwi vya kutosha: kazi ya kumtoa mtu kwenye shida yake na kumfikisha kwenye mlango unaomhusu haina mwenyewe. Haina fungu katika bajeti, haihesabiwi katika ripoti, na ikishindikana hakuna anayeulizwa. Matokeo yake inabebwa na mtu aliye dhaifu kuliko wote katika mnyororo huo, yaani mgonjwa, mjane, mama wa mtoto mlemavu, au jirani mwenye huruma asiye na nauli. Hoja ya makala haya ni kwamba kuelekeza nako ni huduma, na kunastahili kupangwa, kulipiwa na kupimwa kama tunavyofanya kwa chanjo na dawa.

Tuanze na upande ulionyooka, yaani matibabu. Hapa Tanzania imejenga ngazi ambayo hata asiyesoma anaweza kuieleza. Chini kuna zahanati, juu yake kituo cha afya, kisha hospitali ya wilaya, hospitali ya rufaa ya mkoa, hospitali za kanda kama Bugando ya Mwanza na KCMC ya Moshi, na kileleni Muhimbili. Ngazi hii ina historia ndefu. Azimio la Arusha la 1967 lilihamisha macho ya serikali kutoka hospitali za mijini hadi vijijini. Kampeni ya Mtu ni Afya ya 1973 ilitumia redio na vikundi vya kusikiliza kuwafundisha watu kuchimba vyoo na kupambana na malaria. Mkutano wa Alma-Ata wa 1978 ulipotangaza afya ya msingi kuwa njia ya dunia nzima, Tanzania ilikuwa tayari imeshaanza safari hiyo. Mwaka 2007 ukaja Mpango wa Maendeleo ya Afya ya Msingi, MMAM, na ahadi ya zahanati kila kijiji na kituo cha afya kila kata. Ahadi haijatimia yote katika nchi yenye vijiji zaidi ya 12,000, lakini imezaa matunda yanayoonekana. Utafiti wa kitaifa wa hali ya afya wa 2015-16 ulikuta asilimia 63 ya uzazi unafanyika kwenye vituo vya kutolea huduma. Ule wa 2022 ulikuta asilimia 81, na makadirio ya vifo vitokanavyo na uzazi yakashuka kutoka 556 hadi 104 kwa kila vizazi hai 100,000. Zipo sababu nyingi za mabadiliko hayo, na mojawapo ni kwamba mjamzito anajua aende wapi. Kliniki anaifahamu, kadi anayo mkononi, na aliyemtangulia kujifungua anaweza kumweleza njia nzima.

Ukitoka kwenye matibabu na kuingia kwenye msaada wa familia, ngazi hiyo huioni tena. Chukua mwanamke aliyepigwa na mumewe hadi akaumia, mwenye watoto wawili na asiye na kipato chake. Kwa serikali, shida yake imegawanywa mafungu kadhaa. Kipigo ni jinai, kwa hiyo yuko chini ya polisi, Wizara ya Mambo ya Ndani, kwenye dawati la jinsia na watoto, ambako atachukua fomu ya PF3. Jeraha ni la hospitali. Sera yake iko Wizara ya Afya, lakini zahanati na hospitali ya wilaya zinaendeshwa na halmashauri chini ya TAMISEMI, wizara inayosimamia serikali za mitaa. Matunzo ya watoto ni ya afisa ustawi wa jamii. Ndoa ni ya baraza la usuluhishi, na ikishindikana ni ya mahakama. Ushauri wa kisheria unaratibiwa na Wizara ya Katiba na Sheria. Akitaka mtaji mdogo ili asirudi kumtegemea aliyempiga, atatafuta kikundi na kumwona afisa maendeleo ya jamii kuhusu mikopo ya asilimia kumi ya mapato ya halmashauri. Kila mlango kati ya hiyo una sababu yake ya kuwepo, na wengi wa wanaokaa nyuma ya milango hiyo ni watu wenye nia njema. Lakini mwenye picha ya milango yote kwa pamoja ni mmoja tu, naye ni yule mwanamke, siku ambayo hana nguvu ya kufikiri. Hata vyeo vyenyewe vinachanganya. Wananchi wengi hawatofautishi afisa ustawi wa jamii na afisa maendeleo ya jamii, ilhali wa kwanza hushika mashauri ya mtu mmoja mmoja, kama matunzo, malezi, wazee na ulemavu, na wa pili hushughulikia vikundi, miradi na uhamasishaji. Anayekosea mlango huambiwa suala lake haliko hapo, akaondoka bila kuambiwa liko wapi.

Kwamba hasara inatokea njiani, kabla mtu hajafika kwenye huduma, kunaweza kuonyeshwa kwa takwimu. Mwaka 2009 ulifanyika utafiti wa kitaifa kuhusu ukatili dhidi ya watoto, na matokeo yake yakatolewa 2011. Karibu wasichana watatu katika kila kumi na mvulana mmoja katika kila saba walisema walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kufikisha miaka 18. Hizo ndizo namba zilizotangazwa sana. Zipo nyingine katika utafiti huohuo ambazo kwa mada yetu zina uzito zaidi. Kati ya wasichana waliofanyiwa ukatili huo, takriban nusu walimwambia mtu. Mmoja katika watano alitafuta huduma. Na mmoja katika wanane ndiye aliyeipata. Kwa wavulana, theluthi moja walisema, mmoja katika kumi akatafuta huduma, na mmoja katika ishirini akaipata. Tuzigeuze namba za wasichana kuwa hesabu ya kukadiria. Kati ya wasichana 40, 20 walinyamaza kabisa, 20 walisema, wanane walitafuta huduma, watano waliipata. Wale 20 walionyamaza wanahitaji kazi ndefu ya kubadili hofu na aibu katika jamii. Watatu waliotafuta wakakosa ni deni la watoa huduma. Lakini kati ya waliosema na waliotafuta huduma kuna pengo la wasichana 12. Hawa walivunja ukimya. Yupo mtu mzima, rafiki, shangazi au mwalimu, aliyesikia. Kilichokosekana ni hatua iliyofuata. Pengo hilo ni kubwa mara nne kuliko lile la waliofika wakakosa, na ndilo tunaloweza kulipunguza haraka zaidi, kwa kuwa sehemu iliyo ngumu kuliko zote, ile ya mtoto kufungua kinywa, ilikwisha kufanyika.

Ni kweli utafiti huo una umri, na kwamba madawati mengi ya polisi pamoja na namba ya bure ya kumsaidia mtoto, 116, vimeenea baada yake. Lakini uchambuzi wa namna watu wanavyochelewa kupata huduma umekuwa ukitoa picha ileile kwa miongo. Mwaka 1994 Sereen Thaddeus na Deborah Maine, wakiandika kuhusu vifo vya wazazi, walieleza ucheleweshaji wa aina tatu: kuchelewa kuamua kutafuta msaada, kuchelewa kufika, na kuchelewa kuhudumiwa baada ya kufika. Mipango yetu mingi inapambana na ule wa pili na wa tatu, kwa sababu barabara, majengo na wauguzi vinahesabika. Ule wa kwanza huachiwa elimu kwa umma, kana kwamba anayechelewa kuamua ni mjinga wa kufundishwa. Mara nyingi anajua kabisa kwamba ana shida. Asichokijua ni gharama ya jaribio, yaani atatozwa kiasi gani, ataombwa barua gani, atarudishwa mara ngapi, na je, wakishamsikiliza siri yake itabaki pale. Mtu asiyejua bei ya jaribio hukadiria kwa hofu yake, na hofu ya maskini hupandisha bei. Tangu kuchangia gharama za matibabu kuliporejeshwa 1993, msamaha kwa wasio na uwezo umekuwepo kwenye maandishi, lakini kuupata kunadai barua kutoka kijijini au mtaani na ridhaa ya ofisi ya ustawi wa jamii hospitalini. Anayeujua utaratibu huo ni mwenye ndugu mtumishi. Julian Tudor Hart, daktari wa Wales, aliandika 1971 kwamba tiba nzuri hupatikana kwa wingi pale isipohitajika sana. Kauli yake inafaa hata kwa taarifa, kwani anayeihitaji kuliko wote ndiye huwa wa mwisho kuipata.

Kwa kuwa ofisi hazimfuati mtu, inafaa kuuliza yeye humwendea nani kwanza. Akiumwa, wengi huanzia duka la dawa. Serikali ililitambua hilo mapema: mpango wa maduka ya dawa muhimu ulianza mkoani Ruvuma 2003, ukageuza yale yaliyoitwa maduka ya dawa baridi kuwa maduka yenye kibali na wauzaji waliofunzwa. Wengine huanzia kwa mganga wa tiba asili, hasa kwa kifafa na magonjwa ya akili, na waganga hao wanatambuliwa na Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya 2002. Penye ugomvi wa nyumbani huitwa wazee wa ukoo, mshenga, shehe, padri au mchungaji. Penye shida ya mtoto, mwalimu ndiye huona kwanza alama mwilini. Na penye shida isiyo na jina watu hubisha hodi kwa mwenyekiti wa mtaa au kitongoji, au kwa balozi wa nyumba kumi. Balozi anajua kila kaya, lakini cheo chake ni cha chama, na tangu mfumo wa vyama vingi urudi 1992 si kila mwananchi anayemwona kuwa mlango wake. Huu ndio mtandao halisi wa rufaa nchini. Haukuchorwa na wizara yoyote, una watu kila kona, na unafanya kazi usiku na mchana bila mshahara. Upungufu wake ni kwamba haujaunganishwa na ngazi ile rasmi. Muuza duka anajua kuuza dawa ya maumivu; hajaambiwa kwamba mwanamke anayeinunua kila Jumatatu anaweza kuelekezwa kwenye dawati fulani, kwa jina na kwa namba. Mchungaji anajua kuombea ndoa. Hajapewa karatasi yenye simu ya afisa ustawi wa wilaya.

Pale ambapo kiungo hicho kimetengenezwa, matokeo yameonekana. Mfano wa kwanza ni mfumo wa m-mama, ulioanzia kwa majaribio Kanda ya Ziwa na kuanza kusambazwa nchi nzima 2022. Mama mjamzito au aliyejifungua akipata dharura, hupigwa simu ya bure 115. Anayepokea huuliza maswali, huamua apelekwe kituo kipi, na gari la wagonjwa likikosekana humtuma dereva wa eneo husika ambaye hulipwa kwa simu baada ya kumfikisha. Kikubwa katika mfumo huo ni kwamba familia haiachiwi kazi ya kutafuta, maana yupo mtu ambaye kazi yake ni kuhakikisha mama amefika. Mfano wa pili ni vyeti vya kuzaliwa. Zamani mzazi alilazimika kwenda makao makuu ya wilaya, mara nyingi zaidi ya safari moja, na watoto wengi walikua bila cheti. Kuanzia 2013, Mbeya ikiwa mkoa wa kwanza, RITA, wakala wa serikali wa usajili, iliupeleka usajili wa watoto wa chini ya miaka mitano kwenye vituo vya afya na ofisi za kata, bila ada. Huduma ni ileile; ilichofanyiwa ni kuwekwa mahali ambapo mama alikuwa anakwenda tayari kwa chanjo. Mfano wa tatu ni vituo vya mkono kwa mkono vilivyoanzishwa katika baadhi ya hospitali, kama Mnazi Mmoja ya Zanzibar na Amana ya Dar es Salaam, ambavyo vinamweka polisi, mganga na afisa ustawi chini ya paa moja ili aliyedhulumiwa asisimulie yaliyompata mara nne kwa watu wanne. Mifano hii mitatu haifanani kwa teknolojia wala gharama. Inafanana katika jambo moja: safari ya mtu imepata mwenyewe.

Fursa kubwa zaidi ya kulieneza jambo hilo ilifunguliwa Januari 2024, serikali ilipozindua mpango jumuishi wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii, unaolenga kuwa na wahudumu zaidi ya 137,000 katika miaka mitano, wawili kwa kila kitongoji au mtaa. Kenya ilikuwa imetangulia kidogo, Septemba 2023, kwa kuwazindua wahudumu wa jamii 100,000 wenye mikoba ya vifaa na simu, wakilipwa posho kwa ushirikiano wa serikali kuu na kaunti. Zanzibar nayo ina mpango wa Jamii ni Afya, ambao wahudumu wake wa kujitolea hupita nyumba kwa nyumba wakiwa na programu ya simu. Lakini historia inatuonya. Tanzania iliwahi kufunza wahudumu wa afya wa vijiji kwa wingi katika miaka ya 1970 na 1980, ikaviachia vijiji viwalipe. Vijiji havikuwa na fedha, wahudumu wakarudi mashambani, na maarifa yao yakapotea pamoja nao. Onyo lingine linahusu majukumu. Mhudumu akihesabiwa kwa idadi ya nyumba alizopita na vyandarua alivyokagua, atapita nyumba na kukagua vyandarua. Akihesabiwa pia kwa idadi ya watu aliowaelekeza wakafika kweli, atafuatilia. Kinachopimwa ndicho kinachofanywa, na hadi sasa kufika kwa mtu hakupimwi.

Pingamizi la kwanza dhidi ya hoja hii ni zito. Kuna faida gani kumwonyesha mtu njia ya kwenda mahali ambapo dawa zimekwisha, au ofisi ya ustawi ambayo afisa wake mmoja anahudumia kata nyingi na hana hata pikipiki? Si tutakuwa tumewaongezea watu nauli na kukata tamaa? Uhaba huo upo na hakuna karatasi ya maelekezo itakayougeuza kuwa utoshelevu. Lakini tazama namna uhaba unavyojificha. Bajeti huandikwa kwa kuangalia idadi ya mashauri yaliyofunguliwa. Mlango usiojulikana hupata wateja wachache, wateja wachache huonekana kama hitaji dogo, na hitaji dogo hupewa afisa mmoja. Familia zinazoshindwa njiani hazimo katika kitabu chochote, kwa hiyo mbele ya kamati ya fedha ya halmashauri ni kama hazipo. Rufaa inayoandikwa na kufuatiliwa, hata inapoishia kwenye jibu la “hakuna”, huacha ushahidi kwamba mtu fulani alihitaji kitu fulani siku fulani akakikosa. Diwani anaweza kuupeleka ushahidi huo kwenye baraza; uvumi hawezi. Zaidi ya hayo, sehemu kubwa ya uhaba hutokana na watu kwenda wasikohitajika kwenda. Hospitali za rufaa hujaa maradhi ambayo zahanati ingeyamaliza, na vituo vya polisi hupokea migogoro ya matunzo ambayo ni ya ustawi. Kuelekeza vizuri hakuongezi dawa stoo, lakini hupunguza foleni mahali pasipostahili kuwa na foleni.

Wengine watasema tatizo hili limekwisha kutatuliwa na simu. Ipo 116 kwa mtoto, ipo 115 kwa mama, ipo 199 ya Wizara ya Afya kwa maswali ya afya, na Kenya ina 1195 kwa ukatili wa kijinsia. Kwa nini tusumbuke na karatasi na vikao vya mtaa? Namba hizi ni za thamani na zinapaswa kuandikwa kwenye ukuta wa kila shule. Lakini simu ina mipaka yake. Katika nyumba yenye simu moja, mara nyingi simu hiyo ni ya baba, na huenda baba ndiye shida yenyewe. Kiziwi haipigi. Bibi asiyesoma anaweza kuambiwa namba leo na kesho akaisahau. Na hata aliyepiga akapokelewa vizuri, mpokeaji aliye Dar es Salaam hana la kufanya mpaka apate mtu wa Nanyumbu au Kibondo wa kwenda kubisha mlango huo jioni ileile. Simu hurefusha mkono wa mtandao wa mtaani, na pale ambapo mtandao huo haupo haina cha kurefusha. Tanzania ina faida moja ambayo nchi nyingi za jirani zinaitamani: orodha iliyoandikwa kwa Kiswahili rahisi hueleweka kutoka Kagera hadi Mtwara. Ni faida iliyolala, kwa sababu orodha nyingi za aina hiyo huandikwa ndani ya miradi ya wafadhili, kwa Kiingereza, na hufa siku mradi unapofungwa.

Pingamizi la tatu hutoka kwa watu wenye heshima zao, nalo ni kwamba mambo ya familia yamalizwe na familia. Wazee wapo, mila zipo, dini zipo. Ofisi ikiingia ndani ya nyumba, nyumba huvunjika. Kuna ukweli hapa ambao watumishi wa umma huudharau kwa hasara yao. Undugu ndio bima iliyotangulia bima zote, na shangazi mwenye busara huokoa ndoa nyingi kuliko baraza. Lakini hoja hiyo inadhani kwamba aliyeumizwa na anayesuluhisha wako upande mmoja. Aliyemdhulumu mtoto akiwa mjomba anayewalipia wote ada, kikao cha ukoo kina sababu elfu za kulimaliza kimyakimya, na mtoto hana hata moja ya kukiamini. Sheria ya Mtoto haikumwachia mwanajamii hiari ya kutoa taarifa, ilimpa wajibu. Wanaotaka familia ibaki na heshima yake wangefaa kuwa wa kwanza kuhakikisha kwamba wazee wa ukoo, mashehe na wachungaji wanajua vizuri mstari uko wapi: mgogoro wa maneno na mali wausuluhishe, kipigo na ubakaji wavifikishe panapostahili.

Pingamizi hili lina binamu yake ambaye ni mgumu zaidi, yaani suala la siri. Ukimfanya mwenyekiti au mhudumu wa kitongoji kuwa mlango, umemfanya jirani kuwa mlango. Anayeishi na VVU, msichana mwenye mimba, mwanamume anayepigwa na mkewe, hawa hawataki mtu wa mtaani kwao ajue. Kuwaahidi usiri kwa maneno hakutoshi. Jibu la kweli ni kutotegemea mlango mmoja. Orodha ya huduma iwataje watu wasiopungua watatu wasiohusiana: wa mtaani, wa kituo cha afya, na wa simu, ili anayemwogopa mmoja awe na mwingine. Tena wahudumu wafunzwe kwamba kuelekeza hakudai kujua kisa chote. Mtu anaweza kuambiwa ofisi ya ustawi iko jengo gani na inafunguliwa siku gani bila kuulizwa nani kamfanya nini.

Hayo yakikubalika, yanayotakiwa kufanywa si makubwa. Kila mtaa na kijiji kiwe na ukurasa mmoja, ubandikwe kwenye ofisi ya serikali ya mtaa, zahanati, shule, msikiti, kanisa na duka la dawa. Ukurasa huo utaje zahanati ya karibu na saa zake, hospitali ya rufaa, dawati la jinsia na watoto, afisa ustawi wa jamii, mtendaji wa kata, wasaidizi wa kisheria waliosajiliwa, utaratibu wa kupata msamaha wa matibabu na wa kuingia katika mpango wa TASAF wa kaya maskini, pamoja na namba za bure. Uandikwe ni nani aliyeuhakiki na lini, kwa sababu orodha yenye namba zilizokufa ni mbaya kuliko kutokuwa na orodha. Kila anayeelekezwa apewe karatasi yenye vipande viwili, cha kubaki alikokwenda na cha kurudi alikotoka, kama zahanati zinavyojua kufanya kwa rufaa za wagonjwa. Kila robo mwaka mkutano wa kijiji au wa mtaa usomewe hesabu isiyo na majina: walioelekezwa wangapi, waliofika wangapi, waliokosa wangapi na kwa nini. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016 inampa mwananchi nguvu ya kudai hayo. Gharama yake ni karatasi, posho ndogo na saa chache za mtendaji.

Familia nazo hazina haja ya kungoja waraka. Kuijua ofisi ya ustawi kabla ya shida, kuuliza zahanati kwenu jina la mhudumu wa kitongoji chenu, kuhakikisha watoto wana vyeti na wazee wana vitambulisho vyao, na anayeambiwa “si hapa” kuuliza palepale “basi ni wapi, na nimwone nani?”, hayo yanawezekana wiki hii. Lakini yasigeuzwe kuwa kisingizio cha serikali. Werevu wa mwananchi mmoja humwokoa yeye na jirani yake wawili watatu. Wasichana 12 waliosema wakaishia hapohapo hawakupungukiwa werevu, kwani walifanya lililokuwa juu yao. Lililobaki lilikuwa juu ya aliyewasikia, na huyo hajapewa hadi leo kazi hiyo kwa maandishi. Wahudumu 137,000 wanaolengwa na mpango ule wanaweza kupewa. Jukumu hilo likiwekwa katika mkataba wao na katika ripoti ya halmashauri, tutaanza kujua ni wangapi wanapotea njiani. Likiachwa kwa wema wa mtu, tutaendelea kujenga vyumba vipya na kushangaa kwa nini wenye shida hawaingii.